Nanga Mbili: Kufufuka kwa Kiebrania na Hatima ya Ushairi wa Kihaya

Mtu wa visiwani akisikia neno nanga hukumbuka chuma kizito kinachoteremshwa baharini ili chombo kisichukuliwe na mkondo. Mtu wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, akilisikia neno hilo hilo hukumbuka kitu kingine kabisa. Kwake yeye enanga ni ala: ubao mrefu uliochongwa ukatiwa bonde katikati, ukavutwa nyuzi toka ncha hata ncha, ambao mshairi huupiga huku akighani habari za mashujaa na wafalme wa kale. Jina la ala limekuwa pia jina la ushairi wenyewe. Pengine maneno haya mawili yamekutana kwa bahati tu. Walakini kukutana kwao kunaleta swali ambalo halina budi kuulizwa. Ni kitu gani kinachoizuia lugha isichukuliwe na mkondo?

Wapenzi wa lugha za asili, wa Bara na wa Pwani, huliuliza swali hili mara nyingi, na aghalabu jibu lao huja na mfano mmoja: Kiebrania. Husema kwamba lugha ile ilikuwa imekufa, ikazikwa vitabuni, kisha ikafufuliwa na mtu mmoja mwenye nia na kamusi. Basi nini kitawashinda Wahaya, Wakerewe au Wazinza, ambao lugha zao bado zina pumzi? Mfano huo ni mzuri, lakini hutolewa kichwa chini. Anayeutazama kwa makini ataona kwamba Kiebrania na Kihaya vimesimama pande mbili za mto mmoja, na kwamba dawa iliyoponya upande ule haiwezi kunywewa upande huu bila ya kugeuzwa.

Kiebrania kiliacha kuwa lugha ya nyumbani na sokoni yapata mwaka 200 wa Miladi. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne kumi na sita, hapakuwa na mama aliyembembelezea mwanawe kwa lugha hiyo. Hata hivyo, haikupita siku ambayo haikusomwa kwa sauti. Ilisaliwa, ilighaniwa, iliandikiwa hukumu, barua za biashara na mashairi. Wanazuoni wa Tiberia waliitilia irabu maandiko yake, na juu ya irabu wakaongeza alama za mahadhi, ili msomaji wa Yemeni na wa Poland wajue wapi sauti ipande na wapi itue. Kwa hivyo, Kiebrania hakikulala kaburini. Kilikosa jiko, lakini hakikukosa mimbari wala diwani.

Hapa msomaji wa Pwani atapenda kukumbushwa habari moja inayomhusu. Katika karne ya 10 mshairi Dunash ben Labrat, mzaliwa wa Fez aliyesoma Baghdad, alifika Cordoba akaanza kutunga Kiebrania kwa bahari za Kiarabu. Wanafunzi wa mwanalugha Menahem ben Saruq wakamjia juu, wakidai kwamba mizani ya kigeni inaivunja lugha takatifu mbavu. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini Dunash ndiye aliyeshinda, na kutokana na ushindi huo zikazaliwa tungo za Andalusia, za akina Yehuda Halevi, ambazo ni fahari ya lugha ile mpaka leo. Lugha isiyokuwa na msemaji hata mmoja wa kuzaliwa iliweza kubishana juu ya mizani. Hiyo ni dalili ya uhai ambayo lugha nyingi zenye wasemaji tele hazina.

Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika himaya ya Urusi, alikuta hazina hiyo ikimngoja. Kabla hajafika Yerusalemu mwaka 1881, riwaya ya kwanza ya Kiebrania, ya Abraham Mapu, ilikuwa imekwisha kuchapwa tangu 1853, na magazeti yalikuwapo. Alichokifanya yeye ni kuiingiza lugha jikoni. Mwanawe wa kwanza, Itamar, aliyezaliwa mwaka 1882, alilelewa asisikie neno la lugha nyingine yoyote. Husimuliwa kwamba mtoto alichelewa sana kusema, na kwamba siku moja baba alimkuta mama, Dvora, akimwimbia mtoto wimbo wa Kirusi, akaghadhibika mno. Kisa hiki hutajwa ili kuonyesha ukali wa baba. Mpenzi wa ushairi atakisoma vingine. Mama yule alikuwa na lugha ya kuombea na ya kuandikia, ila hakuwa na bembelezi. Na palipokosekana bembelezi, Kirusi kikaingia kwa mlango wa wimbo.

Ukosefu huo ndio waliouziba wao na wenzao kwa miaka hamsini. Walimu wa vijijini wakafundisha kwa Kiebrania tangu miaka ya 1880. Mwaka 1913, ilipotakiwa sayansi ifundishwe kwa Kijerumani katika chuo kipya cha ufundi cha Haifa, walimu na wanafunzi waligoma mpaka uamuzi ukapinduliwa. Mwaka 1922 utawala wa Kiingereza ukaitambua lugha hiyo rasmi pamoja na Kiingereza na Kiarabu, na mwaka huo huo Ben-Yehuda akafariki. Kamusi yake ya majuzuu 17 ilikamilishwa na wengine mwaka 1959. Maneno yalichimbuliwa kutoka ndani ya maandiko yakapewa kazi mpya: hashmal, kitu king'aacho katika maono ya Ezekieli, likawa umeme, kinnor, kinubi cha Daudi, likawa fidla. Jina la kale likabaki, ala ikabadilika.

Walakini mfano huu una gharama zake, na si haki kuutoa bila kuzitaja. Kiyidishi, lugha iliyobeba vicheko na vilio vya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ilidharauliwa kuwa ni lugha ya unyonge. Mjini Tel Aviv, kuanzia 1923, kilikuwapo kikosi cha vijana kilichokwenda kuwafanyia fujo waliothubutu kuitumia hadharani. Wengi wa wasemaji wake waliobaki Ulaya waliangamizwa na Wanazi. Na nchi ambamo Kiebrania kilipata jiko haikuwa nyika tupu. Ilikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa na lugha yao, Kiarabu. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na mwaka 2018 sheria ya Israeli ilikiondolea Kiarabu hadhi ya kuwa lugha rasmi. Anayesema "tufanye kama Kiebrania" yampasa aseme pia ni kipi katika hayo asichokitaka.

Ipo gharama nyingine, ndogo kwa wanasiasa lakini si ndogo kwa washairi. Hayim Nahman Bialik, mshairi mkubwa wa kizazi cha ufufuo, alizijenga tungo zake maarufu juu ya matamshi ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ambayo aghalabu hukazia silabi ya kabla ya mwisho. Lugha iliyofufuka ilichagua matamshi mengine, yanayokazia mara nyingi silabi ya mwisho. Bialik alipohamia Tel Aviv mwaka 1924, watoto wa mji wakamsoma mshairi wao wa taifa kwa namna iliyomvunjia mizani yake mwenyewe. Maneno yote yalikuwapo. Mwendo ulikuwa umepotea. Lugha ilirudi kinywani, na katika kurudi huko ikaukanyaga wimbo uliokuwa umeichukua mgongoni.

Sasa na ageuke msomaji kuelekea Ziwa. Kihaya hakijakosa jiko hata kidogo. Ndani ya migomba ya Kamachumu, katika vijiji vya Ihangiro ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba, huko Kiziba na Bugabo, bado kuna mamia ya maelfu ya watu wanaoamkiana, kugombana na kuzikana kwa Kihaya. Hata mgeni asiyejua neno lolote huondoka na lile "waitu" la heshima. Hapana mantiki ya kuiita lugha hiyo maiti. Lakini Kihaya kina tabaka ambalo halipo jikoni. Kipo Kihaya cha enanga, cha tendi kama Rukiza na Kachwenyanja, na kipo Kihaya cha ebyebugo, majigambo aliyoyatoa shujaa mbele ya mkama akitaja nasaba na vita vyake. Tabaka hilo lina msamiati wake, taswira zake na namna yake ya kuvuta pumzi; na hilo ndilo linalokwenda.

Sababu zake zajulikana. Enanga ilikuwa na baraza lake, na baraza hilo lilikuwa la wafalme. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu, ilifuta kwa haki mamlaka yaliyokuwa yametumiwa na wakoloni; lakini mshairi wa nanga alipoteza pia mahali pa kukaa na mtu wa kumsikiliza usiku kucha. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya shule za msingi. Uamuzi huo uliunganisha taifa, na hapana mpenzi wa Kiswahili awezaye kuujutia. Ila palikuwa na walimu waliodhani kwamba ili mtoto aijue lugha moja ni lazima aione haya nyingine, na fimbo ya shule ikafanya kazi ile ile iliyofanywa na vijana wa Tel Aviv.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna mpangaji wa lugha angeliweza kulikadiria. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Katika miaka iliyofuata kizazi cha kati, cha baba na mama, kilipunguzwa vibaya, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu. Katika nyumba ya Ben-Yehuda lugha ilipita kwa baba kwenda kwa mwana kwa amri. Katika nyumba hizi za Muleba ilipita kwa bibi kwenda kwa mjukuu kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Wajukuu hao walirithi Kihaya cha moto wa jiko, cha hadithi na methali. Enanga, ambayo kwa kawaida ilikuwa kazi ya wanaume na ya baraza, haikuwamo katika urithi huo.

Haisemwi kwamba hakuna aliyejitahidi kuihifadhi. Ukihesabu vitabu, Kihaya kina bahati kuliko jirani zake wengi. Mjerumani Hermann Rehse aliandika juu ya Kiziba mwaka 1910. Mwaka 1949 Francis Lwamgira alitoa Amakuru ga Kiziba, tarikh ya wafalme wa Kiziba iliyoandikwa kwa Kihaya chenyewe. Hugh Tracey alipita na mitambo yake mwaka 1950 akazinasa sauti za nanga. Mwaka 1977 kilichapwa kitabu cha sarufi cha Byarushengo, Duranti na Hyman. Peter Seitel akafuata kwa masimulizi mwaka 1980 na kwa uchambuzi wa tanzu mwaka 1999. Na mwaka 2006, chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Henry Muzale akatoa kamusi ya Kihaya, Kiingereza na Kiswahili.

Aliyekwenda mbali zaidi katika ushairi ni Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Bukoba. Tasnifu yake ya mwaka 1986 ilithubutu kuuliza, mbele ya wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakikana kuwapo kwa utendi Afrika, kama tungo za nanga si tendi kamili zenye shujaa, safari, mizimu na historia. Jibu lake lilikuwa kwamba ni tendi, na ushahidi wake haukupuuzika. Mwaka 1997 akaandika juu ya Habibu Selemani, aliyeishi baina ya yapata 1929 na 1993, akamwita wa mwisho miongoni mwa malenga hao. Jina la Habibu Selemani latosha kumweleza msomaji wa visiwani kwamba nanga haikuwa mbali na dunia yake: huyu alikuwa na jina la Kiislamu, akihifadhi kifuani habari za Mugasha, mungu wa Ziwa.

Kazi hizo zote zastahili shukrani. Lakini uhakiki hauishii kwenye shukrani, na yapo mambo mawili yanayopaswa kusemwa juu yake.

La kwanza ni la sauti. Kihaya ni lugha ya toni; kupanda na kushuka kwa sauti na urefu wa irabu ni sehemu ya neno, na katika enanga ni sehemu ya mwendo wa mshororo unaofuatana na nyuzi. Maandishi ya kawaida ya Kihaya hayaonyeshi toni. Basi utendi wa nanga uliochapwa bila toni wala mahadhi ni kama utenzi wa Kiamu ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu: ajuaye tayari atausoma, asiyejua atakisia. Wanazuoni wa Tiberia walilifahamu jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliziandika sauti pamoja na maneno, na kwa hivyo lugha ilipotakiwa kurudi kinywani ilikuta njia imekwisha kuchorwa. Sarufi ya 1977 na utafiti uliofuata umekwisha kuzieleza toni za Kihaya. Elimu ipo, sauti zipo katika kanda, maneno yapo katika tasnifu. Kinachotakiwa ni kuviweka vitatu hivyo katika kitabu kimoja ambacho kijana wa Nshamba au Kanyigo anaweza kukifungua akaghani.

La pili ni la lugha ya kuelezea. Tasnifu, makala na vitabu vikuu juu ya nanga vimeandikwa kwa Kiingereza. Ina maana kwamba Mswahili wa Pate, Pemba au Tanga akitaka kumjua Rukiza, lazima apitie London au Marekani ili afike Bukoba. Hii ni njia ya ajabu kwa nchi ambayo tangu 1962 rais wake alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Tena ni deni, maana Mulokozi huyo huyo ndiye aliyewahariria watu wa Pwani Tenzi Tatu za Kale, kitabu cha 1999 kilichowarudishia wasomaji Liyongo, Al-Inkishafi na Mwanakupona pamoja na maelezo ya maneno magumu. Mwana wa nanga aliufanyia ushairi wa Pwani hisani kubwa. Pwani bado haijarudisha.

Yaweza kuulizwa: kwani tafsiri huhuisha lugha? Jibu lake limo katika maisha ya mtu mmoja aliyepita Muleba. Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika seminari ya Rubya. Huko vijana wa Ziwa walifundishwa Kilatini, lugha isiyokuwa na mama, wakaizoea hata wakaisali na kuiandika. Kitereza alirudi Ukerewe na wazo ambalo halikuwa mbali na la Ben-Yehuda: kwamba lugha yake, yenye mama wengi, ilistahili pia kitabu. Kufikia 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Husimuliwa kwamba hakuwahi kukishika kitabu kilichochapwa. Gabriel Ruhumbika aliporejea kwenye Kikerewe akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2002, dunia ikatambua kwamba nyuma ya Kiswahili kile palikuwa na maandiko mengine, mapana zaidi. Bila tafsiri, Kitereza angelibaki mswada sandukuni. Lakini tafsiri isiyofuatana na asili yake ilimfanya kwa miaka mingi aonekane mwandishi wa Kiswahili tu. Tafsiri huhuisha pale inapomshika msomaji mkono ikampeleka mlangoni kwa asili. Ikimpokea na kumfungia ndani, huizika ile iliyoizaa.

Kuna sababu ya tatu ya kuwafanya wapenzi wa ushairi wa Pwani wajali, nayo yagusa ugomvi wao wa zamani. Miaka ya 1970, Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi pamoja na Kulikoyela Kahigi wa Usumbwa walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wanamapokeo waliona kwamba vijana wa vyuo vikuu wameiga Wazungu. Shairi bila vina na mizani, walisema, ni maneno ya kawaida yaliyokatwakatwa. Lawama hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwani vijana wale walikuwa wamesoma washairi wa Ulaya. Lakini nani aliyeuliza walilelewa na mashairi gani? Katika enanga mshororo hupimwa kwa pumzi ya mghani na mwendo wa nyuzi. Hauhesabiwi silabi wala haudaiwi kina. Lau Pwani ingeliijua nanga mapema, yumkini ugomvi ule ungelikuwa wa namna nyingine: usingelikuwa baina ya Kiswahili na Uzungu, ungelikuwa baina ya mapokeo mawili ya Kiafrika, la bahari na la Ziwa. Dunash alileta Cordoba mizani ya jirani akaitwa mharibifu, na baadaye akaitwa mwanzilishi. Hakuna ajuaye washairi wa Ziwa wataitwaje mwisho wa mambo.

Wala Pwani haina haki ya kuutazama msiba wa nanga kama msiba wa mbali. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiamu na Kimvita, lugha za tendi kubwa, zilianza kuhama kutoka kwenye kalamu kwenda kwenye maelezo ya chini ya ukurasa. Leo kijana wa Mombasa aliyezaliwa katika Kiswahili huhitaji faharasa ili amsome Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Anayo lugha yote ya jikoni na ya simu, ila lugha ya ushairi wake mwenyewe imemtoka. Hali yake na ya kijana wa Muleba ni moja.

Ndipo inapoonekana wazi kwa nini mfano wa Kiebrania hautoshi kama unavyotolewa. Kile kilikuwa na ushairi kikakosa jiko. Kihaya kina jiko, kinakosa anayeghani. Ben-Yehuda alilazimika kuanza na mtoto na kijiko. Anayekipenda Kihaya yampasa aanze na nanga, kwa kuwa lugha inayobaki na maneno ya sokoni tu ni nyepesi kuhamwa: kila neno lake lina mbadala wa Kiswahili ulio tayari. Tungo ndizo zisizo na mbadala. Majirani wa ng'ambo ya mpaka wameliona hili kwa kiasi: ndugu wa Kihaya nchini Uganda, Runyankore na Runyoro miongoni mwao, wana redio na vitabu vya shule, na wameunganishwa kwa jina la Runyakitara na kusomeshwa Makerere. Upande wa Tanzania, Sera ya Utamaduni ya 1997 iliziita lugha za jamii hazina, lakini kanuni za utangazaji zimezielekeza redio kwenye Kiswahili na Kiingereza. Hazina imetambuliwa, ufunguo haukutolewa.

Na masikio yapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Saida Karoli alipoimba Maria Salome kwa Kihaya, nchi nzima ilicheza, Dar es Salaam na Unguja zikiwamo, na wachezaji wengi hawakufahamu maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurejesha wimbo huo kwa namna yao, na kizazi kingine kikacheza bila kufahamu. Kuna wanaolicheka jambo hili. Wasilicheke. Wayahudi wa Fez na wa Vilna waliimba karne nyingi maneno ambayo wengi wao hawakuyafahamu vema, na ni wimbo huo uliokuwa ukiingojea siku ya kufahamika.

Kinachotakiwa, basi, si amri ya serikali wala baba mkali mlangoni. Kinatakiwa kitabu kimoja kwanza: utendi mmoja wa Habibu Selemani, Kihaya chake upande wa kulia kikiwa na toni zake, Kiswahili upande wa kushoto, na sauti ya nanga ikiambatana nacho. Kiswahili hicho kisilazimishwe kuingia katika mizani nane za utenzi kwa sababu tu Pwani imezizoea. Kifuate pumzi ya mghani, hata wahenga wa vina wakikunja uso. Kazi hiyo yahitaji watu wawili, mmoja aliyezaliwa na Kihaya na mwingine aliyelelewa na tendi za Pwani, wakae pamoja kwa muda mrefu na wasione haya kuulizana maana ya neno. Wazee wachache wanaoweza kujibu maswali hayo bado wapo Muleba na Bukoba, nao hawarudi ujana.